Kubadili honi za gari la spoti la kizamani: mwongozo kwa sisi wa pwani ya kusini

Honi nyingi za magari ya kizamani zinazong'olewa huku Mtwara na Lindi hazijafa. Kilichokufa ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari), au kitufe cha kwenye usukani, au waya uliooza ndani huku ganda lake la nje likiwa zima kabisa. Mtu anakimbilia dukani, ananunua honi mpya, anaifunga palepale penye kutu, inalia siku chache kisha kimya. Anarudi kugombana na muuzaji, na muuzaji wa watu hana kosa. Ndiyo maana nitaanza na kupima. Kubadili kwenyewe kutafuata. Kazi ya spana hapa ni ndogo. Kinachotaka akili ni kujua umeme unaingilia wapi na kutokea wapi.

Mfano wangu ni MGB, lile gari dogo la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980. Nimelichagua kwa sababu nyaya zake zinafuata rangi za Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, na rangi hizohizo utazikuta kwenye Triumph, Austin-Healey, Jaguar, hata Land Rover za zamani. Mwenye Datsun 240Z, gari ambalo wazee wengi wanalikumbuka kwa ushindi wa Safari Rally wa 1971 na 1973, hatua ni zilezile, panapotofautiana nitasema.

Moto unakaa kwenye honi

Fundi wa nyumba akifunga swichi ya taa, swichi ile inakata waya wa moto. Kwenye magari haya mambo yamegeuzwa. Moto unakaa kwenye honi muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na kitufe cha usukani kazi yake ni moja tu: kuipa honi ethi, yaani kuiunganisha na bodi ya gari. Ukibonyeza, mzunguko unakamilika, honi inalia.

Kwenye MGB moto huo unaletwa na waya wa zambarau, unaotoka kwenye fyuzi isiyotegemea ufunguo. Kutoka kwenye honi kwenda kwenye kitufe ni waya wa zambarau wenye mstari mweusi. Mweusi mtupu ni ethi. Wa kahawia ni moto wa betri ambao haujapita kwenye fyuzi yoyote, na huo uuheshimu: ukigusa bodi hakuna kitu cha kuuzuia, utasikia harufu ya plastiki kabla hujaona moshi.

Kuhusu fyuzi yenyewe, kuna jambo linalowaponza wengi. Fyuzi ya kioo ya Lucas imeandikwa 35, lakini hicho ni kiwango cha kukatika. Ampea inazobeba muda wote bila shida ni 17. Ukienda dukani ukaomba "fyuzi ya 35" ukapewa ya siku hizi, ambayo 35 yake ni ya kubeba muda wote, umeondoa ulinzi wa gari zima. Waya ndio utakaokatika badala ya fyuzi. Chukua ya 15 au 20.

Sasa shika mambo mawili yanayotokana na mpangilio huu, maana mbele yote yanategemea hapo. Kwanza, honi za asili za magari haya zina teminali mbili (sehemu za kuchomekea waya), na zote mbili zimetengwa na bodi ya honi. Pili, umeme wote wa honi, ampea 3 hadi 5 kwa kila moja, unapita kwenye kijitufe kile cha usukani, maana MGB nyingi hazikuwekewa rilei ya honi kiwandani, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Datsun 240Z inayo rilei. Kitufe chake kinaipa ethi rilei, na rilei ndiyo inayobeba mzigo.

Kabla ya kulegeza chochote, angalia pia betri imefungwaje. MGB za mwanzo, hadi 1967, zilikuwa na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na upande uliofungwa kwenye bodi ulikuwa chanya. Magari mengi ya aina hiyo yameshageuzwa na mafundi kuwa hasi kwenye bodi, na mengine bado. Usiamini kitabu wala mwaka wa gari. Funua, tazama waya mnene ulioshikiliwa na boliti kwenye bodi unatoka upande gani wa betri. Honi ya kawaida ya koili haijali chanya wala hasi, italia vyovyote. Lakini rilei zenye dayodi ndani (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) zinajali, na honi za upepo zenye kompresa zinajali pia: mota itazunguka kinyumenyume na hutapata upepo wa maana.

Pima kwanza

Vifaa si vingi: testa ya taa, mita, kipande cha waya chenye klipu pande zote mbili, msasa laini, bisibisi, plaizi nzuri ya kubana teminali. Boliti za MGB ni za inchi. Spana za 7/16 na 1/2 zitafungua sehemu kubwa. Mwenye spana za milimita peke yake atajaribu ya 13 kwenye nati ya nusu inchi, itacheza, na nati iliyokwisha shika kutu itaisha kona mara moja. Azima. Datsun ni milimita, hapo huna tatizo.

Anza na betri. Ikiwa imepumzika, mita isome karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwanza, vinginevyo utamsingizia asiyehusika.

Kisha bonyeza usikilize. Ikilia honi moja tu kati ya mbili, fyuzi na kitufe ni vizima. Shughulika na nyaya za ile iliyokaa kimya. Zikilia zote lakini kwa sauti ya kukwama kama mtu mwenye mafua, zinapata umeme kidogo, na mara nyingi ni kutu kwenye muungano fulani. Kimya kabisa: nenda kwenye fyuzi. Usiridhike kwa kuona kiwaya cha ndani ya kioo hakijakatika. Zungusha fyuzi kwenye vibanio vyake, uitoe, uangalie vibanio. Huku kwetu vinageuka kijani. Barabara ya kutoka Mtwara kwenda Lindi inapita ukingoni kabisa mwa ghuba ya Mikindani, na magari yanayolala Shangani yanapigwa upepo wa bahari usiku kucha. Chumvi haihitaji mvua ili ifanye kazi yake. Piga msasa vibanio mpaka ving'ae, rudisha fyuzi, jaribu tena. Honi nyingi zinafufukia hapo, na huna haja ya kusoma zaidi.

Kama bado, fungua boneti ufike kwenye honi. Kwa kawaida zinakaa mbele ya rejeta, nyuma ya shoo, ule wavu wa mbele ya gari. Funga klipu ya testa kwenye chuma safi cha bodi, gusa teminali ya waya wa zambarau. Taa iwake. Isipowaka, moto haufiki, rudi nyuma kuufuata.

Ikiwaka, chukua kile kipande cha waya. Upande mmoja kwenye teminali ya pili ya honi, ile ya zambarau-nyeusi. Upande mwingine gusisha bodi. Jaribio hili ndilo linalokata kesi. Honi ikilia, ni nzima, mgonjwa ni kitufe au njia ya kwenda kwenye kitufe. Isipolia, honi ndiyo yenye shida.

Nyongeza kuhusu testa ya taa. Taa yake inakula umeme kidogo sana, kiasi kwamba waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaiwasha vizuri tu. Honi inayotaka ampea 4 itaukuta uzi huohuo na kushindwa. Kwa hiyo waya ukiwasha testa haina maana kwamba ni mzima. Tumia mita: weka ncha zake kwenye teminali mbili za honi, mwenzako abonyeze kitufe, usome wakati honi inalia au inajaribu kulia. Injini ikiwa imezimwa, ukipata chini ya volti 11 huku betri ina 12.6, kuna umeme unaoliwa njiani. Tafuta ulipo kabla ya kununua chochote.

Kitufe na njia ya ethi

Kitufe kinapata ethi kupitia mhimili wa usukani, na kuna kibrashi kinachosugua pete ya shaba ili umeme upite hata usukani ukizungushwa. Kibrashi kikiisha, au pete ikijaa grisi iliyokauka na vumbi, honi italia usukani ukiwa upande mmoja na kugoma ukiwa upande mwingine. Toa kifuniko, safisha pete kwa kitambaa chenye petroli kidogo, piga msasa laini sana.

Triumph wana ugonjwa wao wa pekee. Mhimili wa usukani wa Spitfire na TR una kiungo cha mpira chini karibu na injini, na mpira haupitishi umeme. Kiwandani waliweka kiwaya kifupi cha kuruka mpira huo. Miaka yote hii, kiwaya kimekatika au fundi aliyebadilisha mpira alikitupa akidhani hakina kazi. Weka kipya, honi italia. Kazi ya shilingi mia chache ambayo watu wameinunulia honi mpya mbili mbili.

Honi gani ununue

Ukishajiridhisha kwamba honi ndiyo mbovu, una njia kadhaa.

Ukitaka gari libaki la asili, tafuta jozi ya Lucas, kutoka Uingereza au kwa mwenzako mwenye gari la spea. Jozi maana yake moja ya mlio mwembamba, yenye herufi H, na moja ya mlio mnene, yenye L. Zikilia pamoja ndipo unapopata ule mlio wa gari la Kiingereza. Ukifunga H mbili utasikika kama pikipiki kubwa. Na kabla ya kutupa ya zamani, itazame vizuri. Honi hizi za koili ni kitu rahisi: sumaku ya umeme, kiwambo cha chuma, na platini ndogo zinazokata na kurudisha umeme mara mamia kwa sekunde, jamaa wa zile za distribyuta. Mara nyingi kilichoiziba ni uchafu. Nimezikuta zenye umbo la konokono zimejaa vumbi jekundu la Newala lililoshikana na mafuta, na moja ilikuwa na kiota cha nyigu cha udongo kilichokauka hadi kwenye koo. Ukiichokonoa kwa waya laini, ukaigonga taratibu kwenye kiganja, ukaipa umeme wa betri moja kwa moja kupitia fyuzi ya ampea 10, inaanza kwa kukohoa, vumbi linamwagika kwenye mkono wako, kisha inatoa mlio ambao utakufanya uirushe. Fanya jaribio hilo mchana na mbali na dirisha la jirani mwenye mtoto mchanga.

Njia ya pili ni honi za mtumba kutoka Toyota na magari mengine ya Kijapani. Ni nyingi, bei yake ni ya maelewano, na zinalia vizuri. Tatizo ni kwamba nyingi zina teminali moja tu. Ethi zinapata kupitia kibao chao cha kufungia. Hapo ndipo penye mtego.

Mzee mmoja mwenye MGB ya buluu alinijia akiwa ameshikilia honi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii honi nikiunga waya tu inalia yenyewe. Sijagusa kitufe. Mtaa mzima umetoka nje."

"Ina teminali ngapi?"

"Moja."

"Umeunga waya gani?"

"Huu wa zambarau, si ndio wa moto?"

Ndio wa moto, na ndiyo sababu. Moto uko pale muda wote, na honi ya teminali moja tayari ina ethi kupitia boliti yake. Mzunguko umekamilika bila kitufe, lazima ilie. Ukiunga ule wa zambarau-nyeusi badala yake, haitalia kabisa, kwa kuwa utakuwa umeipa ethi pande zote mbili. Hakuna namna ya kuiunga moja kwa moja ikakubali. Inahitaji rilei, na nitafika huko.

Mtego mwingine ni volti. Msimu wa korosho ukianza Oktoba barabara ya Masasi inajaa malori, na spea za malori zinajaa madukani na kwenye meza za barabarani. Honi za malori makubwa ni za volti 24. Ukiifunga kwenye gari la volti 12 italia kinyonge au isilie, na utaanza kulaumu nyaya. Geuza honi, soma nyuma: iwe imegongwa 12V.

Za upepo zenye kompresa, wanazopenda vijana, zinakula ampea 15 hadi 20. Mimi sizipendi kwenye gari la namna hii. Linakwenda chini, boneti lake limeinama vizuri, halafu linatoa mlio wa basi la mkoa. Lakini gari ni lako.

Pima pia nafasi. Kati ya rejeta na shoo ni pembamba, na honi nene inayokaa katikati inaziba upepo wa kupooza injini, jambo ambalo kwa joto la Lindi mwezi Desemba utalijutia kwenye kilima cha kwanza.

Kung'oa

Toa betri kwanza, ukianza na upande uliofungwa kwenye bodi, uwe hasi au chanya. Ukianza na upande mwingine na spana ikagusa bodi, cheche yake utaisimulia. Piga picha za nyaya kwa simu. Chomoa teminali kwa kushika kichwa chake, usivute waya. Waya wa miaka hamsini utakubakia mkononi. Boliti zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kupenya jioni, uzifungue asubuhi. Ndiyo hivyo tu.

Rilei: kazi yenyewe

Hata kama umepata honi za asili zenye teminali mbili, nakushauri uweke rilei. Vitufe vya usukani vya magari haya havipatikani kirahisi, na kila unapopiga honi, ampea 6 hadi 10 za honi mbili zinachoma platini zake kidogo. Rilei inahitaji chini ya robo ya ampea kwenye kitufe. Mzigo mkubwa unahamia kwenye rilei, kifaa utakachokipata duka lolote la spea hapa mjini.

Nunua rilei ya kawaida ya volti 12, ya teminali nne. Ukipewa ya tano, ile ya katikati imeandikwa 87a, iache wazi. 87a ina moto rilei ikiwa imelala, na ukiiunga kwenye honi utaamsha mtaa kama yule mzee. Ziunge hivi:

1. Namba 30: moto mpya kutoka kwenye waya wa kahawia pale kwenye sanduku la fyuzi au kwenye stata, kupitia fyuzi yake ya peke yake ya ampea 15. Fyuzi hiyo ikae karibu kabisa na unapochukulia moto, si karibu na honi. Kipande kati ya moto na fyuzi hakina ulinzi, kwa hiyo kiwe kifupi.

2. Namba 86: waya wa zambarau wa asili, uleule uliokuwa kwenye honi.

3. Namba 85: waya wa zambarau-nyeusi unaokwenda kwenye kitufe.

4. Namba 87: waya mpya kwenda kwenye honi, ukigawanyika kwenye honi zote mbili.

Honi zikiwa za teminali mbili, teminali ya pili ya kila moja iende kwenye ethi. Zikiwa za teminali moja, kibao chake ndicho ethi, lakini mimi naongeza waya mfupi kutoka kwenye boliti ya kibao hadi kwenye chuma safi, kwa sababu bodi za magari ya pwani hazitabiriki.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hukati waya wowote wa asili. Nyaya mbili za zamani zinachomolewa kwenye honi na kuchomekwa kwenye rilei. Siku ukitaka kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani, unazichomoa na kuzirudisha. Kwa rilei yenye dayodi ndani, tazama mchoro ulio ubavuni mwake: upande wenye alama ya chanya uelekee kwenye chanya. Kwa MGB iliyo bado chanya kwenye bodi, 85 na 86 zibadilishane, au nunua rilei isiyo na dayodi ulale usingizi.

Mwenye Datsun hana haja ya haya yote. Rilei yake ikiwa nzima, anabadili honi tu. Ikiwa imekufa, ananunua mpya na kuhamisha nyaya moja moja.

Waya wa kubeba mzigo uwe wa milimita za mraba 2 au 2.5, wenye nyuzi nyingi nyembamba, waya wa gari. Ule wa kufungia umeme wa nyumba, wenye shaba moja nene ngumu, usiuguse. Gari linatetemeka, na shaba moja ikikunjwakunjwa mwishowe inakatika ndani ya ganda, na wewe huoni. Teminali zibane kwa plaizi yake. Kuzipondaponda kwa plaizi ya kawaida kunashika leo na kuachia mwezi ujao. Kuunganisha nyaya kwa kuzisokota na kuzifunga tepu nyeusi ni kitu cha kukufikisha nyumbani tu. Tepu ikipata joto gundi yake inayeyuka, inafunguka, na maji ya chumvi yanaingia.

Ethi itengenezee mahali. Chagua boliti moja iliyo karibu, toa rangi mpaka chuma cheupe kionekane kwa upana wa sarafu, weka washa yenye meno, kaza. Ukishakaza, paka mafuta ya mgando juu yake, yaleyale ya kujipaka mwilini. Huku hayana mpinzani: bei ndogo, na chumvi haiyapiti kirahisi. Fanya vivyo hivyo kwa kila teminali uliyogusa.

Rilei yenyewe ifungwe pembeni mwa injini mahali pasiporuka maji, teminali zikiangalia chini ili maji yasituame ndani.

Kuzifunga honi

Honi ina kibao chake chembamba cha chuma, mara nyingine cha tabaka mbili au tatu. Kibao hicho kipo makusudi: kinaiacha honi itetemeke yenyewe bila kutetemesha gari. Ukiikumbatisha moja kwa moja kwenye bodi, au ukaiwekea mpira kati, sauti inakufa, na mpira unaondoa ethi juu yake. Honi isiguse kitu chochote, si rejeta, si shoo, si honi mwenzake. Kidole kipite pande zote. Mdomo wa konokono uangalie chini, au chini na mbele kidogo. Ukiangalia juu utajaa maji mvua za kwanza zikianza, na ukiangalia mbele moja kwa moja utakula vumbi la lori lililo mbele yako.

Kurekebisha mlio

Honi iliyotumika, na hata mpya baadhi ya siku, inahitaji kurekebishwa. Chomoa moja, urekebishe nyingine peke yake, kisha ugeuze. Nyuma kuna skrubu ndogo ya kurekebishia, mara nyingi pembeni. Usichanganye na ile iliyo katikati kabisa yenye nati ya kufungia: hiyo iache, ukiigusa umeiharibu mizani ya honi nzima. Kwa Lucas, zungusha ile ya pembeni kinyume cha saa mpaka honi iache tu kulia, kisha irudishe mwendo wa saa robo mzunguko. Piga honi kwa mkupuo mfupi, usishikilie. Koili inapata joto haraka. Ongeza kidogokidogo mpaka mlio uwe safi. Mita ikiwa kwenye waya, kila moja isivuke ampea 5 hivi. Ikivuka huku sauti ni mbaya, platini zimekwisha au zimegandana, hiyo honi iache.

Kwa kuwa utapiga honi mara nyingi, waambie majirani mapema. Na ukifanyia karibu na msikiti, tazama saa.

Majaribio ya mwisho

Rudisha betri, upande wa bodi uwe wa mwisho. Kabla ya kuweka fyuzi ya namba 30, weka testa kati ya vibanio viwili vya fyuzi hiyo, klipu kwenye kimoja na ncha kwenye kingine: kitufe kikiwa hakijabonyezwa, testa isiwake. Ikiwaka, kuna waya umekosewa, usiweke fyuzi kwanza.

Ukishaweka, piga honi injini ikiwa imezimwa, kisha inawaka, kisha ukiwa umewasha taa kubwa. Sauti ikishuka sana taa zinapowaka, ethi ya mbele inagombaniwa na taa na honi. Ipe honi ya kwake. Halafu bonyeza kitufe huku mwenzako anazungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ikikata katikati, ni kibrashi. Ikilia yenyewe bila kubonyezwa mahali fulani pa mzunguko, waya wa zambarau-nyeusi umechubuka ndani ya mhimili na unagusa chuma. Huo urekebishe kabla ya kutoka barabarani, maana siku yake itakuwa njiani, mbele ya trafiki.

Mwonyeshe kila anayeendesha gari hilo ilipo fyuzi mpya ya honi. Rilei ikigandana, honi italia mfululizo hata ufunguo ukitolewa, na dawa ya pale barabarani ni kuichomoa fyuzi hiyo kwa vidole. Weka na nyingine ya akiba, ampea 15, kwenye kisanduku cha glavu.